Naomba ushauri: Mimi Yanga damu, nimepata fremu Msimbazi

Habari zenu wakuu. Nimepata fremu ya duka Kariakoo, Dar es Salaam, Mtaa wa Msimbazi, jirani na jengo la klabu ya Simba. Nataka kuuza jezi. Shida ni kwamba mimi ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, na klabu yetu iko mitaa ya Twiga na Jangwani, mwendo wa miguu tu kutoka hapo. Timu zote ni za Kariakoo hiyohiyo, Yanga 1935, Simba 1936, lakini pita Msimbazi na kijani chako siku ya dabi uone utakavyoitwa utopolo, jina la kutukejeli sisi Yanga.

Je, nitundike nyekundu ya Simba nje, njano ya Yanga ndani? Wenye biashara pale, wateja huuliza kweli timu ya muuzaji? Mke wangu ni Simba, anataka akae yeye dukani. Dalali anadai kodi ya miezi sita.