Mwanza ingekuwa jimbo lenye gavana wake, tungekuwa wapi?

Mtu wa Igogo: Wakuu, nimeamka na swali. Mkuu wetu wa mkoa anateuliwa na Rais, anahamishwa na Rais, sisi tunasikia tu kwenye redio kwamba tumeletewa mwingine. Marekani ina majimbo 50, kila moja na katiba yake, bunge lake, mahakama zake na gavana aliyepigiwa kura na watu wa pale pale. Rais hawezi kumtumbua. Sisi wenye ziwa tunashindwa nini? Tujadili bila matusi.

Nyamagana Damu: Jimbo si tunalo? Jimbo la Nyamagana, na mbunge tunaye. Hahaha.

Mtu wa Igogo: Hilo ni la uchaguzi, usinichanganye. Nasema la utawala, kama wazee walivyokuwa wakiita Jimbo la Ziwa enzi za Mwingereza, makao makuu hapa hapa Mwanza.

Nyamagana Damu: Kumbe unamtaka Mwingereza arudi. Sema wazi.

Kayenze Asilia: Mwingereza kaingiaje tena? Hoja ni hela. Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri, 2016 ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya nchi nzima, leo unakatwa ukinunua umeme. Unalipia Ilemela, hela inalala Dodoma, halafu mtaro wa mtaani kwako unauchimba mwenyewe kwa jembe.

Mwalimu Mstaafu: Wanangu, msichanganye mambo. Katiba ya Marekani, rekebisho la 10 la mwaka 1791, inasema madaraka ambayo serikali kuu haikupewa, na majimbo hayakukatazwa, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kwetu ni kinyume: halmashauri ina kile tu ilichopewa na sheria, na aliyetoa anaweza kunyang'anya. Mwaka 1972 zilivunjwa, zikaja kurudishwa miaka ya 80. Na Kenya msiilete hapa, kaunti zao 47 ni ugatuzi, yaani nchi moja iliyogawa madaraka chini, si shirikisho la majimbo.

Sangara wa Kirumba: Shikamoo Mwalimu. Ila niulize: huyo gavana angejenga daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, kwa ushuru wa dagaa? Bila serikali kuu mngekuwa mnapunga upepo kwenye pantoni mpaka kiama.

Mkerewe Halisi: Futa hiyo kauli. Sisi wengine bado tunapanda pantoni, na hatupungi upepo. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa. Wewe unachekea.

Sangara wa Kirumba: Nimesema Busisi, Ukara sijaitaja. Mbona unajivika kofia isiyo yako?

Mkerewe Halisi: Kofia gani? Mwezi uliopita nimekaa kwenye gati moja, silitaji, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Mama yangu kalala juu ya kanga kwenye kivuli cha lori la mihogo, tunaambiwa "fundi anakuja". Njoo uniambie habari za kofia.

Binti Nyegezi: Pole sana kaka. Sangara, omba radhi yaishe.

Sangara wa Kirumba: Naomba radhi kwa mama. Kwa huyu, bado nafikiria.

Nyamagana Damu: Hahaha, Sangara bwana.

Mkerewe Halisi: Na hilo jimbo lenu silitaki. Leo nalalamikia Dodoma, kesho nitalalamikia Capri Point ya Mwanza mjini. Gavana ataweka lami Ilemela na Nyamagana, visiwani atakuja kuomba kura na fulana.

Mwalimu Mstaafu: Hapo umegusa penyewe. Nigeria wana majimbo 36 na serikali za mitaa 774. Kilio kikawa kwamba magavana wanazikalia hela za mitaa, mpaka Julai 2024 Mahakama ya Juu ikaamua zilipwe moja kwa moja. Tena gavana wa kule hana polisi wake, kamishna anasikiliza Abuja.

Kayenze Asilia: Mwalimu, Nigeria ni Nigeria. Mbona hutaji Ujerumani? Majimbo yao 16 yana baraza lao kabisa la kupitisha sheria za nchi nzima.

Binti Nyegezi: Shangazi yangu yuko Houston. Texas jimbo halitozi kodi ya mishahara, mkasifu, ila anasema kodi ya nyumba inamtoa jasho. Na gridi yao ya umeme wameitenga na ya majimbo mengine. Baridi ya Februari 2021 walilala gizani siku kadhaa, majirani hawakuwa na njia ya kutosha ya kuwasaidia.

Nyamagana Damu: Kwa hiyo hata Texas umeme unakatika? Basi nimeridhika na nchi yangu.

Mtu wa Igogo: Jamani, swali langu lilikuwa mkuu wa mkoa achaguliwe au asichaguliwe.

Sangara wa Kirumba: Achaguliwe, ila asitoke Igogo.

Mtu wa Igogo: Igogo imekukosea nini wewe?

Mkerewe Halisi: Mkimaliza, mwenye kujua aniambie: kivuko cha Rugezi–Kisorya leo jioni kipo? Nina msiba Bunda.

Sangara wa Kirumba: Pole ndugu yangu. Ngoja nimpigie jamaa yangu yuko Kisorya, nakujibu sasa hivi.