"Wanachama wote hawajalipa": kosa liko kwenye neno au kwenye mpangilio?

KatibuWaMwalo
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma huku, ni katibu wa kikundi chetu cha wavuvi wa dagaa, mihtasari yote naandika mimi. Kikao cha mwezi jana tuliongelea ada nikaandika "Wanachama wote hawajalipa ada". Kichwani nilimaanisha wapo waliolipa na wapo ambao bado, sasa juzi nausoma muhtasari mbele za watu mzee mmoja akasimama na risiti mkononi, mkono unatetemeka, anauliza mimi nimeandikwa sijalipa kwa lipi? Na yule mzee kila mwezi ndo wa kwanza kulipa, nimeumia sana. Nimeirudia ile sentensi usiku kucha, neno moja moja yote sawa, wote ni wote na hawajalipa ni hawajalipa, sasa ile maana mbaya imeingilia wapi? Waliosoma isimu humu naombeni mnieleze inavyofanya kazi, sio kunipa kanuni tu.

MwalimuWaMiembeni
Pole sana katibu. Nafundisha Kiswahili hapa Tabora na hili jambo nalipenda mno so nivumilieni nikirefusha.
Maneno yako hayana kosa. Kuna vitu viwili vinagombea nafasi humo, "wote" na ile "ha-" ya kukanusha, na maana inategemea nani kambeba mwenzake. Ukanushi ukiwa juu ya "wote" tunapata "si kweli kwamba wote wamelipa", hiyo ndo ulitaka. "Wote" ikiwa juu ya ukanushi tunapata "mmoja mmoja, kila mtu hajalipa", hiyo ndo mzee kasikia. Na ana haki, maana "ha-" yetu imeng'ang'ania kwenye kitenzi na "wote" umeiweka mbele kabisa na kiima, msikilizaji anakamata "wote" kwanza halafu anawamwagia ukanushi wote kwa pamoja. Ukisema "Si wanachama wote waliolipa" ukanushi umetangulia, mambo yamekwisha.
Hata wakubwa limewasumbua. Chomsky, yule mwanaisimu wa Marekani, kwenye kitabu chake cha 1957 alileta ile sentensi ya mawazo ya kijani yasiyo na rangi yanayolala kwa hasira, kuonyesha sentensi inaweza kukaa sawa kisarufi na isiwe na maana, kwa hiyo muundo uchunguzwe peke yake. Lakini humohumo akagusia jambo ambalo kwa huku tungelisema hivi: "kila mvuvi anajua lugha mbili", huyu anaweza kuwa na Kiha na Kiswahili, yule Kibembe na Kiswahili, haina shida. Igeuze, "lugha mbili zinajulikana na kila mvuvi", ghafla unaona ni lugha zilezile mbili kwa wote. Umegeuza mpangilio tu na maana imesogea! Mwaka 1964 wanaisimu wengine, Katz na Postal, wakashikilia kwamba kugeuza sentensi hakubadilishi maana, ikawa mifano kama hii ndo inawabana, halafu wanaisimu kina Lakoff na McCawley wakaenda mbali zaidi, kwamba mti wenyewe wa sentensi, yaani mchoro wa muundo wake, unaanzia kwenye maana. Walirushiana maneno miaka mingi. Mimi nikiangalia Kiswahili naona muundo hauwezi kuachwa peke yake hata kidogo.

BintiUjiji
Shikamoo mwalimu. Naongezea la kwetu. Msikitini walitangaza kwa spika "mtoto wa mvuvi aliyepotea jana ameonekana". Kuna mama jirani mume wake alikuwa hajarudi kutoka ziwani tangu jana yake, akatoka mbio na khanga moja hadi pale, kufika kumbe aliyepotea ni mtoto, tena wa mvuvi mwingine. Ile sura yake sijaisahau. Mbona ukisema "mtumbwi wa mvuvi uliopotea" hakuna anayechanganyikiwa?

MwalimuWaMiembeni
Marahaba binti, na pole yake huyo mama. Jibu ni ngeli. "Uliopotea" imevaa u- ya mtumbwi, "aliyepotea" ingevaa a- ya mvuvi, kwa hiyo kiambishi kinakuonyesha kirejeshi, yaani hilo neno la "aliye-" au "ulio-", kinaning'inia kwa nani. Mtoto na mvuvi wote ni ngeli moja, a- inamfaa yeyote, alama imekufa hapo na msikilizaji anabaki kukisia. Wangesema "yule mtoto aliyepotea jana, wa mvuvi fulani" asingekimbia mtu. Na katibu, ndo maana yako ilikuwa ngumu kuiona, ukanushi hauna ngeli ya kukuonyesha unamkanusha nani.

KatibuWaMwalo
Mwalimu asante sana, hiyo ya nani kambeba mwenzake imeniingia kabisa. Nimeandika upya: "Si wanachama wote waliolipa ada, waliolipa ni 23 kati ya 31", na majina ya waliolipa nimeyaorodhesha chini, la mzee la kwanza. Kesho asubuhi mitumbwi ikirudi nampelekea mwenyewe akasome kabla ya kikao.