Kampuni inayohifadhi tovuti yetu imefungua folda zote kwa ruhusa ya 777, kisha ikafunga tiketi yetu ya malalamiko

Ndugu wadau, salaam.

Ninasimamia tovuti ya shule moja ya sekondari, na ninaandika haya nikiwa na hasira niliyoshindwa kuimeza. Mwezi uliopita kampuni tunayoilipa kila mwaka ituhifadhie tovuti hiyo ilituhamishia kwenye seva mpya, na Jumatatu iliyofuata nilipojaribu kupakia fomu ya kujiunga na kidato cha tano, WordPress, programu inayoendesha tovuti yetu, ilikataa ikidai haiwezi kuandika kwenye folda ya uploads, yanamowekwa mafaili tunayopakia. Faili lenyewe lilikuwa PDF ya kilobaiti 640, wakati PHP, lugha ya programu ambayo WordPress imeandikwa kwayo, huruhusu megabaiti 2 hata kabla mtu hajagusa mpangilio wowote, kwa hiyo ukubwa haukuwa tatizo.

Nilichapa ls -l, amri inayoonyesha ruhusa na mmiliki wa kila faili. Kila folda ilikuwa na ruhusa ya 755 kama inavyotakiwa, lakini kwenye safu ya mmiliki, mahali pa jina la akaunti yetu, palisomeka root, yaani msimamizi mkuu wa seva. Katika 755 mmiliki hupata 7, yaani 4 ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kuingia ndani ya folda, ilhali kundi na watu wengine hupata 5, wakasoma na kuingia bila kuandika chochote. PHP ya seva hiyo huendeshwa kwa jina la akaunti ya kila mteja, na kwa kuwa mmiliki alikuwa root, sisi tulihesabiwa kuwa watu wengine ndani ya tovuti yetu wenyewe. Fundi aliyetuhamisha alinakili mafaili akiwa root na hakurudisha umiliki. Dawa yake ni amri moja ya chown, ambayo mimi siwezi kuitekeleza kwa sababu Linux, mfumo unaoendesha seva hiyo, humruhusu root peke yake kubadili mmiliki wa faili.

Hayo yote niliyaeleza kwenye tiketi, na amri yenyewe nikaiandika ili wainakili tu. Baada ya siku 3 nilijibiwa kwa sentensi moja: „Tumeweka 777, jaribu sasa.” Fomu ilipanda, naam, lakini nilipotazama tena nilikuta wameifungua tovuti nzima kuanzia folda kuu, pamoja na wp-config.php, faili linalobeba nywila ya hifadhidata yetu. Niliandika mara 2 nikiwasihi waondoe 777, yaani 7 kwa kila mtu, kwa sababu kwenye seva ya kushirikiana ruhusa hiyo humpa mteja yeyote mwenzetu uwezo wa kusoma, kubadili na kufuta vitu vyetu. Sikujibiwa.

Siku ya 9 nilikuta ndani ya uploads, katikati ya picha za mahafali, faili la PHP lenye jina la herufi zisizo na maana. Mmiliki wake hakuwa root wala sisi, bali akaunti ya mteja mwingine wa seva hiyohiyo. Nililifuta na kubadilisha nywila zote usiku huohuo, lakini nani atanihakikishia kwamba halikuwa limekwisha kufanya kazi yake? Tovuti hiyo ndiyo wazazi wanayoiamini kwa namba ya akaunti ya benki ya kulipia ada.

Ninachodai ni hiki: umiliki urudishwe kwenye akaunti yetu, folda ziwe 755, mafaili 644 na wp-config.php 600, PHP izuiwe kutekelezwa ndani ya uploads, nasi tupewe maelezo ya maandishi kuhusu akaunti iliyoweka faili lile. Kama nawe ulihamishiwa seva mpya hivi karibuni, chapa ls -l leo. Ukiona drwxrwxrwx, ambayo ndiyo 777 kwa herufi, usisubiri wakujibu, hamisha nakala ya tovuti yako na ubadilishe nywila.

Wazazi kwa sasa tunawatumia fomu kwa WhatsApp, mmoja mmoja. Tiketi yetu, hadi asubuhi ya leo, bado imeandikwa kwamba imetatuliwa.