Wakuu, hili neno phantasmagoric linatumikaje kwenye sentensi?

Mpambaji wa Sinza
Habari zenu wakuu. Nina kazi ya kuandika tangazo la ukumbi wa harusi huku Sinza, mwenye ukumbi kafunga taa zile za kuzunguka na mashine ya moshi, maharusi wakiingia moshi unatambaa chini hadi viatu havionekani, sasa anataka Kiingereza kizito ili na watu wa Masaki waje. Nimekutana na neno phantasmagoric, dikshenari inasema mambo ya kiinimacho na ndoto, nikaandika: "We offer phantasmagoric prices for your phantasmagoric wedding." Mdogo wangu wa chuo anasema nitafukuza wateja. Mimi naona linavuma vizuri tu. Wajuzi wa lugha nisaidieni, tangazo linatakiwa Ijumaa.

Chuma cha Mbagala
Phantasmagoric prices?? Yaani bei za mazingaombwe, mtu anaambiwa laki tano akifika kaunta ni milioni tano 😂😂

Ticha Mstaafu
Mdogo wako yuko sahihi kijana wangu. Hilo neno halina maana ya "bomba" wala "ya kipekee". Ni picha nyingi zinapita machoni, zinageukageuka, zinaingiliana kama za ndotoni, na mara nyingi kuna kaharufu ka kutisha humo ndani. Hako kaharufu kana sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1790 pale Paris kulikuwa na jamaa mzaliwa wa Liège, Étienne-Gaspard Robert, jina la jukwaani Robertson, kazi yake kuonyesha mizimu kwa kiingilio, na maonyesho yenyewe yakiitwa fantasmagorie. Mwaka 1799 akahamia kwenye nyumba ya watawa iliyobaki tupu baada ya mapinduzi, fikiria mwenyewe mahali penyewe hapo. Mnakaa gizani, nyuma ya pazia kuna projekta ya enzi hizo, taa ya mafuta na lenzi na picha zilizochorwa kwenye kioo, na imewekewa magurudumu. Akiivuta kurudi nyuma picha inakua, nyinyi mlio upande wa pili mnaona mzimu unawajia mbio. Nyingine anazirushia kwenye moshi.

Kwa hiyo nomino inayofuata iwe kitu cha kuonekana au cha kuwazwa, usiku, ndoto, gwaride, taa. Bei haionekani ikicheza. Mfano: "From the window of the last bus, Kariakoo was a phantasmagoric blur of bulbs, mannequins and faces." Hapo linakaa. Na ukilitamka, mkazo uwe kwenye "go", fan-taz-ma-GO-rik.

Dada Muhariri
Shikamoo Ticha. Naongezea, maana watu hapa huwa wanayachanganya yote. Kama unataka kusema kitu kinaonekana kipo kumbe hakipo, hiyo ni illusory: "Their two-goal lead was illusory, by the ninetieth minute it was 2-2." Elusive ni kitu kinachokuponyoka, unakitafuta hukikamati, mfano fundi uliyempa advansi 😏 Illusive nalo lipo, maana yake ni ile ile ya illusory ila halitumiki sana, na mengi ninayokutana nayo kazini mtu alikuwa anataka elusive. Delusional ni ya mtu anayeamini uongo wake mwenyewe, usiibandike kwenye ukumbi. Na phantasmagoric yenyewe mara moja kwa tangazo zima inatosha.

Mpambaji wa Sinza
Asanteni sana, Ticha shikamoo ya Dada Muhariri nimeiona huko juu hujaijibu 😀 Sasa hii je: "As the couple enters, the hall becomes phantasmagoric with smoke and lights"?

Ticha Mstaafu
Marahaba mwanangu Muhariri. Sarufi iko sawa ila inapwaya, neno refu namna hiyo likae mbele ya nomino yake: "The couple enters through a phantasmagoric play of smoke and light." Ila mimi kwa harusi ningeweka dreamlike nikalala usingizi. Mama wa bibi harusi akienda kuligugo akute mizimu utamjibu nini?

Dada Muhariri
Hapo napingana na mwalimu wangu. Moshi, giza, taa zinazozunguka, mbona ndio vitu vile vile vya huyo Robertson, sidhani kama kuna ukumbi Dar unaolistahili hilo neno kuliko huo. Ila kwenye bei weka "affordable" na namba ya simu, basi.

Mpambaji wa Sinza
Nimemtumia mwenye ukumbi zote mbili, kachagua ya moshi, anasema dreamlike inaeleweka mno 😂

Chuma cha Mbagala
Jenereta lipo lakini? Umeme ukikatika maharusi wakiwa mlangoni hiyo phantasmagoric inageuka illusory hapo hapo.

Mpambaji wa Sinza
Lipo mkuu, ila mafuta ni ya mteja.