Nimemleta nahodha darasani, mkuu wa shule kanuna. Naombeni ushauri

Mwl_wa_Kusini:
Wakuu, heshima zenu. Nafundisha jografia shule ya kata, pwani ya Kilwa. Kwenye jaribio la kidato cha kwanza niliuliza "spring tide" ni nini. Wengi waliacha wazi, mmoja kaandika ni maji ya chemchemi. Watoto hao hao ukiwauliza bamvua, ndiyo hiyo hiyo spring tide, maji yanapojaa na kupwa sana, ni lini, wanakujibu wote kwa mpigo: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mwezi ukiwa nusu, maji mafu, hayajai wala hayakupwi sana.

Basi nikamwalika nahodha mstaafu wa jahazi. Kapiga vipindi viwili vya pepo za bahari: Kusi, Kaskazi, matlai, hakuna aliyesinzia. Mkuu wa shule kaniita ofisini: mtihani hauulizi bamvua, kamalize silabasi. Halafu katikati ya maelezo mzee aligusia mwamba wenye mzimu, usiovuliwa bila ruhusa ya wenyewe. Sikujua nimkatize au ninyamaze. Wakati wa kuaga akaniuliza, "Mwalimu, haya mnayoyaandika mnayapeleka wapi?" Nikabaki nacheka-cheka tu.

Nifanyeje?

Dau_Bovu:
Pole mwalimu. Mkuu wako mpe takwimu, atatulia. Simika mti wenye alama za sentimita pale gatini, watoto waandike kila siku saa maji yanapokupwa, mwezi mzima. Wataona saa inasogea mbele, wastani wa dakika 50 hivi kwa siku. Hapo ndipo uwaulize: kwa nini 50? Mwezi nao kila siku unachelewa kuchomoza kwa kiasi hicho hicho. Nguvu ya mvutano ukiileta baada ya hapo, inakuwa jibu la swali lao wenyewe. Na kwenye mtihani neno la Kizungu wataliandika, maana sasa lina kitu nyuma yake.

Binti_wa_Pweza:
Samahani mwalimu, kwani wanaojua bahari ni wanaume tu? Mama za watoto wako wanaovua pweza kwa miguu wanahesabu siku za mwezi kuliko huyo nahodha. Bamvua kwetu maji yanatoka kabisa mida ya saa nne asubuhi. Akikosea siku, anarudi na ndoo tupu. Waalike.

La mzimu usimkatize mzee, na wala usimsahihishe mbele ya watoto. Akishaondoka waulize: mwamba usiovuliwa unakuwa na nini ambacho mwingine hauna? Hiyo ni baiolojia tayari.

Fizikia_Kavu:
Nakubaliana nusu. Tusije tukageuza kila neno la mzee kuwa sayansi. Lipimwe. Lakini lipimwe kweli, lisichekwe. Mnamkumbuka Erasto Mpemba? Mwaka 1963, Magamba sekondari, aliweka maziwa ya moto kwenye friza yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia kachanganyikiwa. Baadaye rafiki yake muuza aiskrimu mjini Tanga akamwambia wao hufanya hivyo siku zote! Dk. Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, ndiye aliyekubali kulipima swali lake, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Hadi leo wanafizikia wanabishana kama ni kweli. Hicho ndicho kipindi ninachokitamani mimi.

Mmakunduchi:
Mwenzako wa hesabu mpe hili. Mwaka wa Nairuzi, ule wa Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya huku Makunduchi, Zanzibar, una miongo 36 ya siku kumi kumi, ukijumlisha siku 5 za nyongeza. Hauna mwaka mrefu. Swali: baada ya miaka 40 sikukuu itakuwa imesogea siku ngapi kwenye kalenda ya ukutani?

Na swali la mzee ni zito, usilicheke. Mwulize kama anataka jina lake liandikwe, na nakala ya Kiswahili ifike kwake kabla haijafika kwa mtu mwingine. Akisema jambo fulani liishie darasani, liishie darasani. Dawa za miti ndiyo kabisa.

Mwl_wa_Kusini:
Nimerudi wakuu. Jana nimekwenda kwa mzee na daftari, nikamsomea yote. Kafuta sehemu mbili, moja ni ile ya mwamba. Jina anataka liandikwe, na la baba yake pia, maana ndiye aliyemfundisha.

Mti tumeshausimika. Bamvua ijayo inaangukia Jumamosi, mkuu hana la kusema. Mama wawili wamekubali tufuatane nao. Wameniuliza swali moja tu: una raba, au unakuja mwambani na hivyo viatu vya ofisini?