Naomba ushauri: orodha ya saa moja kwa mashabiki wa foki metali na pawa metali

RadiKavu
Wakuu, salaam. Naandaa orodha ya nyimbo ya saa moja kwa kikundi ambacho nusu ni wa pawa metali na nusu ni wa foki metali, yaani metali iliyochanganywa na muziki wa kijadi. Wa pawa wanataka sauti safi za juu na gitaa za kasi. Mngurumo, yaani kuimba kwa sauti nzito ya kooni, ukianza tu, wanaruka wimbo. Wa foki nao wanasema pawa zote ni zilezile. Rasimu yangu: Helloween "Eagle Fly Free", Finntroll "Trollhammaren", DragonForce "Through the Fire and Flames", Eluveitie "Inis Mona", Rhapsody "Emerald Sword", na Moonsorrow, ambao sijawachagulia wimbo. Nipange vipi, kipi kitoke, na kwa nini sauti inapanda na kushuka kati ya wimbo na wimbo? Baadaye kila mtu ataleta wimbo wake mmoja, kwa hiyo nielezeni pia namna nzuri ya kuutambulisha. Nawasilisha.

Mpiga_Fidla
Mkuu, nyimbo ni nzuri, mpangilio ndio unaoziua. Kiske, mwimbaji wa Helloween, anamaliza kuimba juu kabisa, kisha papo hapo unamtupia msikilizaji Finntroll, mngurumo wa Kiswidi juu ya humppa, ile dansi ya Kifini ya mapigo mawili ya harakaharaka. Mtu wa pawa hapati pa kushika. Kinachounganisha pande hizi mbili ni melodia ya kuimbika, kwa hiyo acha melodia iongoze, na mngurumo uuingize hatua kwa hatua.

Fungua na "Eagle Fly Free" (1988), ufuate na "Emerald Sword" (1998). Sasa shusha kasi: Blind Guardian, "The Bard's Song – In the Forest" (1992). Ni gitaa za akustiki tupu, dakika tatu na ushee, na kwenye matamasha hadhira ndiyo huubeba. Mpaka hapo hakuna aliyetolewa kwenye pawa, lakini masikio yameshazoea ladha ya kiasili.

Kisha Falconer wa Uswidi, "Mindtraveller" (2001). Mwimbaji Mathias Blad ni mtu wa tamthilia za muziki. Sauti yake ni tulivu, ya kati, haipigi mayowe, na rifu, vile vipande vya gitaa vinavyojirudia, zimejengwa kwa melodia za kijadi. Huu ndio wimbo wa kumjibu anayesema pawa zote ni zilezile. Baada yake Týr wa Visiwa vya Faroe, "Ormurin Langi" (2002): utenzi wa karne ya 19 ambao watu wa kule huuimba wakicheza kwa kushikana mikono kwenye mduara. Ni foki kamili, na hauna mngurumo.

Hapo ndipo unaweka Ensiferum, "Lai Lai Hei" (2004), takriban dakika 7. Una sauti safi, una kwaya, una mngurumo, vyote ndani ya wimbo mmoja. Usiukate hata sekunde. Anayeufikisha mwisho yuko tayari kwa "Inis Mona" (2008), na hatimaye "Trollhammaren" (2004).

Moonsorrow nawapenda mno, ila si kwa saa moja. Albamu yao ya 2007, V: Hävitetty, ina nyimbo mbili tu, na wa kwanza peke yake unafika nusu saa. Watengee kikao chao.

Desibeli
Nijibu la sauti kupanda na kushuka. Albamu za miaka ya 1980 zilikamilishwa kwa kuacha nafasi kati ya sehemu tulivu na sehemu kubwa. Nyingi za miaka ya 2000 zilibanwa hadi karibu na ukomo. Ukiziweka pamoja, tofauti inaweza kuzidi desibeli 6.

Kama una mafaili, yapitishe kwenye ReplayGain, mfumo wa kusawazisha ukubwa wa sauti za nyimbo, na uchague kipimo cha wimbo mmojammoja. Kipimo cha albamu ni cha kusikiliza albamu nzima. Kwenye orodha mchanganyiko kinaacha tofauti ileile. Ukirekebisha kwa mkono, shusha zilizo kubwa, usipandishe zilizo ndogo. Ukipandisha, vilele vinagonga ukomo na matoazi yanakwaruza.

La pili: zima kuchanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata. "Eagle Fly Free" inatanguliwa na "Invitation", na "Emerald Sword" inatanguliwa na "Epicus Furor". Weka tangulizi hizo kama nyimbo kamili mahali pake, na mchezo wa kuchanganya nyimbo kiholela uwe umezimwa, la sivyo utangulizi unaishia hewani.

La tatu, usipandishe besi na sauti kali huku ukishusha sauti za katikati. Metali inasikika nene kwa sekunde chache, lakini fidla, akodiani na filimbi zote zinaishi katikati. Waya mnene kuliko yote wa fidla ni hezi 196 (mitetemo kwa sekunde), na gitaa kwa kawaida linaanzia hezi 82. Ukishusha katikati, foki metali inabaki metali tu.

Mlinzi_wa_Rifu
Mpangilio wa Mpiga_Fidla nauunga mkono, isipokuwa mwisho. Usiwafungie wa pawa mlango kwa nyimbo tatu mfululizo za mngurumo. Malizia na "Mirror Mirror" ya Blind Guardian (1998): kasi ya pawa, kiitikio cha kwaya, na katikati kuna kipande kinachochezeka kama ngoma ya kijadi. Pande zote mbili zinatoka na chao.

"Through the Fire and Flames" itoe. Ina mapigo 200 kwa dakika na inazidi dakika 7; chochote kitakachofuata kitasikika kimelala. Nafasi yake weka Stratovarius, "Black Diamond" (1997), mara tu baada ya "Emerald Sword". Harpsikodi ya mwanzo, kinanda cha kale cha nyuzi, inaitambulisha kabla gitaa halijaingia. Muda ukibaki, Turisas "Battle Metal" (2004) ikae kati ya "Inis Mona" na "Trollhammaren".

Angalia matoleo pia. "Halloween" ya Helloween, mtu akiileta, ni ya dakika 13. Ile ya video imekatwa sana. Na Rhapsody walibadili jina kuwa Rhapsody of Fire mwaka 2006, kwa hiyo tafuta kwa majina yote mawili.

Mpiga_Fidla
Nakubali "Mirror Mirror" ifunge.

Kwenye kutambulisha: bendi, nchi, albamu, mwaka, kisha kitu kimoja tu cha kusikiliza. Mfano, kwa "Inis Mona" sema: melodia inatoka kwenye "Tri Martolod", wimbo wa kijadi wa Bretagne, Ufaransa, na ile sauti ya kusuguasugua ni hurdy-gurdy, ala ya nyuzi inayopigwa kwa gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Mtu akijua anatafuta nini, mngurumo haumfukuzi. Usisome historia ya bendi. Sentensi mbili, bonyeza, nyamaza.

RadiKavu
Shukrani wakuu. DragonForce na Moonsorrow nimewatoa, Falconer na Týr wameingia, tangulizi zote mbili zipo. Swali moja: anayetaka foki yenye sauti safi tu, mbali na Týr, nimpe nini?

Mlinzi_wa_Rifu
Mägo de Oz wa Hispania, "Fiesta pagana" (2000): fidla, filimbi, kiitikio cha kuimba wote. Na Falconer tena, albamu Armod (2011), yote kwa Kiswidi.