Mrejesho: zile soya zangu za njano

Wakuu, msimu uliopita niliuliza kwa nini soya zangu zina majani ya njano na mizizi haina vinundu. Asanteni sana. Safari hii nilipaka mbegu bakteria wa rhizobia (wale wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuupa mmea nitrojeni) kama mlivyoelekeza: maji ya sukari kidogo, nikachanganya kivulini, nikapanda siku ileile. Mbolea ya urea nikaiacha dukani.

Juzi, wiki ya saba, nimechimbua mche mmoja taratibu kwa jembe. Vinundu kibao! Nikapasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu kama nyama, yaani kinafanya kazi. Majani kijani kibichi.

Ila mbegu za ndoo moja nilizisahau juani mpaka mchana. Mistari ile bado njano, vinundu vya kuhesabu, ndani vyeupe. Hapo kosa langu, jua huua hao bakteria. Aliyeshauri samadi, samahani mkuu, sijaijaribu.